Ubao Ukiungua, Diski Isifutwe

Mkoa wa Morogoro ni miongoni mwa mikoa iliyoipatia nchi umeme kwa miaka mingi. Mitambo ya Kidatu, iliyoanza kuzalisha mwaka 1975, ina uwezo wa megawati 204, na nguvu yake husafirishwa hadi miji iliyo mbali. Hata hivyo umeme ufikao juu ya meza ya karani mjini Morogoro, au katika ofisi ya shule iliyo mteremkoni mwa Milima ya Uluguru, si mtulivu siku zote. Hukatika, kisha hurudi kwa kishindo. Wakati wa masika, radi zinapopiga milimani, waya mrefu uliopita mabondeni huweza kuleta pigo ambalo chombo chepesi hakiwezi kulihimili.

Katika kompyuta, kifaa cha kuingizia umeme, yaani pawasaplai, ndicho hupokea pigo la kwanza. Pigo likipita hapo, kinachofuata ni ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita madabodi. Unyevu wa miteremko ya mashariki ya Uluguru nao hufanya kazi yake polepole: kutu huingia katika viungio, nazo kapasita huvimba na kuvuja. Kwa hiyo ubao uliokufa si jambo geni hata kidogo kwa fundi wa kompyuta wa Morogoro.

Jambo la kutazamwa hapa ni lile lifuatalo baada ya kifo hicho. Mwenye kompyuta huipeleka kwa fundi, na fundi humpa habari mbili kwa pamoja: kwanza, bodi imekufa, pili, itabidi kupiga Windows upya. Mwenye mali hukubali zote mbili, kama mgonjwa akubalivyo maneno ya daktari. Ubao mwingine hununuliwa, aghalabu uliokwisha kutumika. Diski husafishwa, programu endeshi huwekwa upya, na kesho yake chombo hurudi nyumbani kikiwa kizima, safi na kitupu.

Habari ya kwanza yaweza kuwa kweli kabisa. Lakini habari ya pili haitokani na ile ya kwanza. Kufa kwa ubao hakulazimishi kufutwa kwa diski. Kwa kompyuta nyingi zinazotumika leo, ubao waweza kubadilishwa na mfumo ukaendelea kufanya kazi pamoja na programu zake, mipangilio yake na majalada yake yote. Desturi ya kufuta kwanza na kuuliza baadaye haina msingi wa kisayansi, na hasara yake kwa nchi ni kubwa kuliko bei ya ubao wenyewe.

Meza na kabati

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kutofautisha sehemu mbili za kompyuta ambazo watu wengi huzichanganya. Ubao mkuu ni mahali pa kukutania. Hapo hupachikwa prosesa inayopiga hesabu, vibao vya RAM vinavyoshika kazi ya muda, na nyaya zinazokwenda kwenye diski, kiwambo na mtandao. Diski nayo ndiyo ghala. Humo hukaa programu endeshi, programu nyingine zote, na kazi za mwenye chombo.

Ubao wafanana na meza ya karani, na diski yafanana na kabati la majalada. Meza ikivunjika mguu, hakuna ofisi iwezayo kuamua kuchoma majalada ili karani aanze kazi upya juu ya meza mpya. Meza hubadilishwa, kabati hufunguliwa, na kazi huendelea. Yale yanayoonekana kuwa upuuzi kwa meza na kabati hufanywa kila siku kwa kompyuta, kwa sababu tu vitu hivi viwili vimefungiwa ndani ya kasha moja.

Kisichoweza kupatikana tena

Thamani ya yaliyomo ndani ya diski haipimwi kwa shilingi za dukani. Milima ya Uluguru, ambayo kilele chake cha Kimhandu hupita mita 2,600, ndiyo chanzo cha Mto Ruvu, na maji ya mto huo hunywewa Dar es Salaam. Vipimo vya mvua na vya kina cha maji katika vijito vya milima hii ndivyo humwezesha mtaalamu kujua kama mto unapungua, na kwa nini. Kipimo kimoja kikipotea si kitu. Lakini mfululizo wa miaka kumi ukifutwa katika dakika ishirini na fundi aliyetaka kurahisisha kazi yake, hakuna fedha itakayourudisha. Ubao wa kompyuta waweza kununuliwa tena. Mvua ya mwaka uliopita haiwezi kupimwa tena.

Ndivyo ilivyo pia kwa vipimo vya udongo vya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chuo kilichoanzishwa mwaka 1984. Kwa daftari la wagonjwa la zahanati. Kwa alama za wanafunzi wa sekondari. Na kwa hesabu za chama cha msingi kinachokusanya mazao ya wanachama wake. Mkulima wa Kinole au wa Mgeta aliyepeleka mzigo wake na akaandikwa katika kompyuta ana haki ya kuukuta uzito ule ule siku ya malipo. Diski ikifutwa, ushahidi wake umefutwa.

Ni kweli kwamba kuweka mfumo upya si lazima kufute kila kitu. Fundi mwangalifu huweza kuyahifadhi majalada katika sehemu nyingine ya diski. Lakini hata hapo hupotea programu ya hesabu iliyonunuliwa kwa leseni, mipangilio ya printa, anwani za mtandao na maneno ya siri yaliyohifadhiwa. Ofisi hukaa siku nyingi ikitafuta vile ilivyokuwa navyo jana.

Chimbuko la desturi hii

Desturi hii haikuzuka bure. Zamani mashine na programu yake vilikuwa kama mwili na roho. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na katika zama hizo programu iliyoandikwa kwa mashine moja kwa kawaida haikufaa kwa mashine ya namna nyingine. Mwaka mmoja kabla yake, Aprili 1964, kampuni ya IBM ya Marekani ilikuwa imetangaza ukoo wa mashine ulioitwa System/360, ambao mashine zake ndogo na kubwa ziliweza kuendesha programu zile zile. Wazo la kutenganisha programu na chombo lilipata nguvu tangu hapo. Lakini Tanzania haikupata nafasi kubwa ya kulizoea, kwani mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na marufuku hiyo ilikuja kulegezwa miaka mingi baadaye.

Kompyuta zilipoanza kuenea mitaani, zilikuja na matoleo ya Windows yaliyokuwa magumu kuhamishwa. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, wakati wa kuwekwa ilitambua kifaa cha ubao kinachoongoza diski na kuiandaa draiva yake. Ubao wa namna nyingine ulipowekwa, mfumo ulishindwa kuifikia diski yake wenyewe, na kiwambo kikawa cha buluu chenye namba ya kosa iishiayo na 7B. Fundi wa zama hizo aliyesema kwamba ni lazima kupiga upya hakukosea sana. Alikosea yule aliyelirithi neno hilo na kuendelea kulisema baada ya sababu yake kuondoka.

Kilichobadilika

Programu endeshi za leo hubeba ndani yake draiva nyingi za kawaida, na kila zinapowashwa huchunguza upya vifaa vilivyopo. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, na Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, zikikuta ubao mgeni mara nyingi husimama kwa dakika chache, hutambua vifaa vipya, hujiwasha tena mara moja au mbili, kisha humfungulia mwenyewe mlango kama kawaida. Linux, ambayo kiini chake kilianza kuandikwa mwaka 1991, ni nyepesi zaidi katika jambo hili, kwa kuwa draiva zake nyingi husafiri pamoja na kiini hicho. Mara nyingi kinachohitaji kurekebishwa baadaye ni jina la kadi ya mtandao, ambalo huweza kubadilika pamoja na ubao.

Hatua zifaazo hazihitaji mitambo ya gharama. Hatua ya kwanza ni nakala. Kabla ya jambo jingine lolote, diski itolewe, itiwe katika kasha la USB, iunganishwe na kompyuta nzima, na yaliyomo yanakiliwe. Kazi hii haimdai fundi ila saa chache, na ndiyo inayoondoa hatari yote iliyobaki.

Hatua ya pili ni kuchagua ubao unaolingana. Soketi ya prosesa iwe ile ile, na aina ya RAM iwe ile ile, kwani kibao cha DDR3 hakiingii katika nafasi ya DDR4. Ubao wa namna ile ile uliokufa, ukipatikana, ni bora kuliko wote.

Hatua ya tatu hufanywa ikiwa ubao wa zamani unadhoofika lakini bado unawaka. Hapo mfumo uandaliwe kwa safari: kufuli la BitLocker lisimamishwe kwa muda, leseni iunganishwe na akaunti ya mwenyewe, na kwa matoleo ya zamani itumike programu ya Sysprep, ambayo huusahaulisha mfumo vifaa vya ubao unaoachwa.

Hatua ya nne hufuata baada ya ubao mpya kufungwa. Fundi aingie katika mipangilio ya ubao wenyewe na kuifananisha na ile ya zamani. Diski iliyoandaliwa kuwaka kwa njia ya UEFI haitawaka ubao ukiwa katika njia ya kale ya BIOS, wala kinyume chake. Diski iliyokuwa ikiendeshwa kwa mpango wa AHCI yaweza kugoma ikikuta mpango wa RAID. Ni katika hatua hii kwamba mafundi wengi hukata tamaa. Huwasha, huona kiwambo cheusi au cha buluu, na kuamua kwamba mfumo umeharibika, ilhali kilichohitajika ni kubadili neno moja katika ukurasa wa mipangilio.

Hatua ya tano ni subira. Mfumo uachwe umalize kujitambua, na draiva ya mtandao iwe tayari ndani ya flashi, kwa kuwa chombo kisicho na mtandao hakiwezi kujitafutia kilichopungua. Hatua hizi zote zikishindikana, na majaribio ya kuurekebisha mfumo yakishindikana pia, ndipo mfumo uwekwe upya, nakala ikiwa mkononi. Kufuta ni hatua ya mwisho, na desturi iliyopo imeifanya kuwa ya kwanza.

Vikwazo vya kweli

Isidhaniwe kwamba njia hii haina miiba. Kompyuta nyingi za sasa hufunga diski kwa BitLocker, na ufunguo wake huhifadhiwa ndani ya kijisehemu cha ubao kiitwacho TPM. Ubao ukifa, ufunguo huo umezikwa nao. Mlango uliobaki ni namba ya akiba yenye tarakimu 48, ambayo ilipaswa kuandikwa na kutunzwa siku chombo kilipoanza kutumika. Asiye nayo hana fundi wa kumwokoa, awe wa Morogoro au wa London. Hapa kosa haliko kwa fundi. Liko kwa ofisi isiyojua kwamba diski yake imefungwa.

Kikwazo kingine ni leseni. Windows iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani imefungamanishwa na ubao wake, na baada ya kubadilishwa huweza kudai ithibitishwe upya. Dai hilo lashughulikiwa baadaye. Halifungi majalada, wala si sababu ya kufuta kitu.

Zaidi ya hayo, zipo kompyuta ndogo za mkononi ambazo ghala lake limechomelewa juu ya ubao wenyewe. Katika hizo, kuuondoa ubao ni kuyaondoa yote, na kinga pekee ni nakala iliyofanywa mapema.

Hoja ya upande wa pili

Fundi ana hoja yake, na ni haki isikilizwe. Malipo yake ni ya kazi nzima, si ya saa. Kuweka mfumo upya ni kazi anayoijua mwanzo na mwisho wake, ilhali kuhamisha mfumo huweza kumtokea kuwa rahisi au kumla siku nzima. Mfumo wa zamani huenda umejaa virusi, na mteja atakaporudi kulalamika, hatakumbuka kwamba virusi vilikuwamo tangu zamani. Kadhalika, baadhi ya mifumo hustahili kuachwa: utegemezo wa kawaida wa Windows 7 ulikoma Januari 2020, na ule wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Hoja hizi ni za kweli, lakini hakuna hata moja kati yake inayohalalisha kufuta bila nakala na bila idhini ya mwenyewe. Zinachoonyesha ni kwamba mpango wa malipo umekaa vibaya. Mteja hulipia ubao na “kupiga Windows”, wala halipii uangalifu. Mradi uangalifu haulipwi, fundi ataendelea kuuza kile kinachonunuliwa.

Milima ya Uluguru ina kumbukumbu yake kuhusu wataalamu waanzao kwa kufuta. Baada ya vita kuu ya pili, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Kiluguru kuchimba makingamaji mapana ya mfano wa benchi ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilikuwa kuokoa udongo. Lakini mahali pengi udongo wenye rutuba ulikuwa tabaka jembamba, na uchimbaji uliufukia na kuuleta juu ule usiozaa. Wakulima waliokuwa na namna zao za kulima miteremko hawakuulizwa. Upinzani ulilipuka mwaka 1955, na mpango huo ukaachwa. Somo lake halihusu kilimo peke yake. Mtaalamu afikaye mahali penye kitu kilichokwisha kujengwa hupaswa kwanza kukichunguza na kukihifadhi, na ndipo aamue kinachostahili kubadilishwa.

Yapasayo kufanywa

Mji wa Morogoro una nafasi ya pekee ya kuongoza katika jambo hili, kwa kuwa ndimo kilimo Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi, ambacho huandaa walimu wanaokwenda kufundisha ufundi sehemu mbalimbali za nchi. Mwalimu mmoja akishika vema kanuni ya kunakili kwanza, kulinganisha mipangilio, na kufuta mwisho, kanuni hiyo itafika kwa mafundi wengi ambao hawatamjua kamwe. Mtihani wa vitendo wa mwanafunzi wa ufundi wa kompyuta ungefaa uwe na swali hili: apewe chombo chenye ubao mbovu na diski yenye majalada, naye akirudishe kikifanya kazi bila jalada hata moja kupotea. Atakayefaulu ni fundi kamili. Atakayerudisha chombo safi na kitupu amefeli, hata kama kinawaka.

Taasisi za umma nazo zina wajibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imewatwika wanaotunza taarifa za watu mzigo wa kuzilinda zisipotee wala kuharibiwa ovyo. Zahanati au shule inayompa fundi kompyuta bila maandishi ya aina yoyote haijautimiza wajibu huo. Karatasi moja yatosha: yaliyomo ndani ya diski, nani amefanya nakala, namba ya tarakimu 48 imetunzwa wapi, na sentensi moja kwamba diski haitafutwa bila idhini ya maandishi. Na katika bei ya matengenezo, kazi ya kunakili itajwe peke yake na ilipwe peke yake.

Mwananchi wa kawaida hahitaji kujifunza habari za UEFI wala AHCI. Linalomtosha ni swali moja la kumwuliza fundi kabla ya kukiacha chombo mezani pake: je, diski yangu utaifanyia nini? Fundi ajibuye kwamba atainakili kwanza, kisha ajaribu ubao mpya juu ya mfumo ule ule, anastahili kulipwa zaidi ya mwenzake. Masika yatakuja tena na radi zake, na bao nyingine zitaungua katika miteremko ya Uluguru. Hilo haliwezi kuzuiwa lote. Kufutwa kwa kumbukumbu za watu kwaweza kuzuiwa, tena kwa gharama ya saa chache za kazi.